Usiku wa Saa Ishirini: Kutoka Mombasa hadi New York na Mamangu

Siku ya kwanza, Jumatatu. Mombasa hadi Nairobi

Swali la mama lilianza kabla hatujafunga mlango. "Basi huko ni mbali gani?"

Nikamjibu kwamba ni saa kumi na tano angani kutoka Nairobi. Akatikisa kichwa. "Hizo ni saa, mwanangu. Mimi nimekuuliza mbali gani."

Babake alikuwa nahodha wa jahazi. Katika nyumba yao ya Mji wa Kale umbali ulihesabiwa kwa siku na kwa upepo: Lamu siku mbili au tatu, Maskati wiki tatu na zaidi kusi likiwa jema. Mtu akitaja mji, watu waliona bahari iliyo katikati. Saa za ndege hazimwonyeshi kitu. Ana miaka sabini na moja, hajawahi kupanda ndege, na anakwenda Brooklyn kwa sababu mdogo wangu amejifungua wiki mbili zilizopita na mama hataki arobaini ya mwanawe ipite bila yeye kuwepo.

Tungeweza kuruka kutoka Mombasa, lakini magoti yake yanapenda treni, nami nilitaka aione njia. Kwenye stesheni ya Miritini mizigo ilipangwa mstari mmoja chini, mbwa wa polisi akapitishwa anusenuse. Mama alikuwa na halua ya mikebe miwili na kofia tatu za vito, zile za kushonwa kwa mkono, moja haijamalizika. Mbwa alipolikaribia begi lake alishika buibui yake kwa mikono miwili na kusoma kimoyomoyo. Mbwa akapita. Askari, kijana wa heshima, akamwambia, "Pole, mama, hajaligusa." Mama akamwombea dua.

Treni iliondoka saa mbili asubuhi. Baada ya Mariakani nilitoa simu nikapiga hesabu. Reli hii kutoka Mombasa hadi Nairobi ina urefu wa kilomita 472 hivi. Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi uwanja wa John F. Kennedy, ukipima kwa njia fupi kuliko zote juu ya mgongo wa dunia, ni kama kilomita 11,840. Nikagawanya. Jibu likatoka ishirini na tano, karibu kamili.

"Mama, chukua njia hii ya leo, kutoka Mombasa mpaka Nairobi. Uipite mara ishirini na tano bila kushuka. Hapo ndipo utakuwa umefika."

Alinyamaza. Akatazama nje. Tulikuwa tunaingia Tsavo, udongo mwekundu mpaka upeo wa macho, na ndovu wa huko wamekuwa wekundu kama udongo wenyewe. Tulipofika Voi akauliza, "Hapa ni mara moja?" Nikamwambia bado hata nusu. Mtito Andei nikamwambia, hapa sasa ndiyo nusu. Akaanza kuhesabu kwa vidole, si vituo, ila kile kinachobaki. Tulipoteremka Syokimau saa nane na kitu mchana, amechoka, miguu imevimba kidogo, alisema, "Haya. Mara moja naijua sasa. Naijua mpaka kwenye mifupa."

Siku ya pili, Jumanne. South C na uwanja wa ndege

Tulilala kwa binamu, South C. Mchana mzima mama alipumzika, nami nikaandaa karatasi. Daktari wake wa Mombasa alikuwa ametuandikia jambo moja ambalo naliweka hapa kwa faida ya kila anayesafiri na mzee. Dawa ya presha anayoimeza saa moja asubuhi aifuate kwa saa ya Mombasa mpaka tufike, yaani asisubiri "asubuhi" ionekane dirishani. Tukishafika ndipo tuisogeze kidogo kidogo. Wakati ule sikuielewa uzito wake. Angani nilielewa. Alitwambia pia avae soksi za kubana, anywe maji, na asimame kila baada ya muda kwa ajili ya damu ya miguuni.

Jua lilizama saa kumi na mbili na dakika ishirini na mbili jioni. Niliandika saa hiyo kwenye daftari bila sababu. Baadaye ikawa ndiyo hesabu niliyoihitaji kuliko zote.

Uwanjani mama aliswali Magharibi na Isha pamoja, kwa kufupisha. Kwa wanaokwenda Marekani kuna ukaguzi mwingine tena karibu na lango, viatu vinavuliwa, begi linafunguliwa upya, kwa hiyo nendeni mapema. Tulikaa mbele ya kioo, tukaiona ndege yetu, Boeing 787, inajazwa mafuta. Mama akauliza inabeba kiasi gani. Safari hii ilipoanzishwa tarehe 28 Oktoba 2018, ya kwanza isiyo na kituo kati ya Nairobi na New York, ilitangazwa kwamba kila upande unahitaji mafuta ya tani zipatazo 85, marubani wanne wanaopokezana, na wahudumu kumi na wawili. Nilimweleza pia kwamba Nairobi iko juu sana, mita 1,600 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, na mchana kukiwa na joto inazidi kuwa nyepesi, kwa hiyo ndege iliyoshiba mafuta inapata taabu kunyanyuka. Usiku wa baridi unaisaidia, na ule uwanja wa kukimbilia wenye zaidi ya kilomita nne nao unaisaidia.

"Kama jahazi lililojaa boriti," akasema mama. "Halitoki bandarini mpaka maji yajae."

Nilipenda mfano huo. Sikuwahi kufikiria kwamba baridi ya usiku ni maji kujaa kwa ndege.

Siku ya tatu, Jumatano. Usiku mrefu

Tuliruka saa tano na nusu usiku. Ndege ilikimbia na kukimbia, mama kanishika mkono, na nilipodhani njia imekwisha, matairi yakaacha ardhi. Taa za Nairobi zikainama upande mmoja, kisha giza.

Viti vyetu vilikuwa kushoto, yeye dirishani. Madirisha ya ndege hii hayana pazia la kuvuta. Kuna kitufe, ukikibonyeza kioo chenyewe kinageuka buluu mpaka cheusi. Mama alikibonyeza mara nyingi katika saa ile ya kwanza. Mbele yake skrini ilionyesha ramani na kadege keupe, na chini yake kilomita zilizopitwa. Nikamfundisha kusoma namba ile na kuigawanya.

Nilimwamsha saa tisa na nusu ya usiku ili anyooshe miguu. "Mara ya ngapi?" akauliza, kabla hata ya kufumbua macho vizuri. Kilomita 3,300 na zaidi. Mara ya saba. Tulikuwa juu ya mpaka wa Chad na Niger, Sahara chini yetu, na hakukuwa na taa hata moja. Tulitembea hadi nyuma, tukasimama karibu na jiko dogo la wahudumu, akapewa maji. Masikio hayakumsumbua kama nilivyohofia. Ndani ya 787 hewa huwekwa kama ya mahali penye kimo cha mita 1,800 hivi, si mbali sana na Nairobi yenyewe, na Nairobi alikuwa ameshalala usiku mmoja.

Kisha ikafika saa moja asubuhi ya Mombasa. Kengele ya simu yangu ikalia. Huko nyumbani jua limeshatoka saa nzima, mwuza mahamri ameshapita Kibokoni. Nje ya dirisha letu, juu ya Morocco, ulikuwa usiku wa manane. Mama aliitazama saa yake ya mkononi, akatazama giza, akaitazama tena saa. Nikamwona ametishika, si kidogo. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Jua limefanya nini?"

Nilimpa dawa yake. Ndipo nilipomwelewa daktari.

Nikamweleza kama nilivyoweza. Sisi tunakimbia magharibi, na usiku nao unakimbia magharibi, njia moja. Jua linatufuata nyuma. Lenyewe lina mbio kuliko sisi, litatupata tu, lakini kwa kuwa nasi tunakimbia, linachelewa. Anayekwenda mashariki hupishana na usiku wake, ukaisha haraka. Sisi tumepanda mgongoni mwake.

Alifikiri muda mrefu. Kisha likaja swali lenyewe, lile lililomtia hofu tangu mwanzo. "Basi Alfajiri nitaiswali saa ngapi?"

Shekhe wa mtaani alikuwa amemwambia kabla ya safari kwamba juu ya ndege atazame mbingu ya pale alipo, asifuate saa ya alikotoka wala ya anakokwenda. Maneno yale yalikuwa mepesi Mombasa. Sasa ilibidi atazame kweli. Hakulala tena. Tulipita pwani ya Morocco, tukaingia Atlantiki, na mara ya kumi na sita na nusu kadege kakafika karibu na visiwa vya Azores. Saa ya Mombasa ilikuwa tatu na dakika ishirini asubuhi. Giza.

Upepo ulitupiga usoni njia nzima. Huko juu katika nchi hizi za kaskazini kuna pepo kali zinazovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, ndiyo sababu kwenda New York huchukua karibu saa kumi na tano na kurudi huwa pungufu. Hili halikuhitaji maelezo marefu kwa binti wa nahodha. "Tunakwenda joshi," alisema, yaani tunaukabili upepo, na akaonekana kupata nguvu kidogo, kama mtu aliyekuta neno la nyumbani ugenini.

Saa tano na nusu ya asubuhi ya Mombasa aliniguza bega. "Tazama." Nyuma ya bawa, upande wa mkia, palikuwa na weupe mwembamba sana chini ya nyota. Nisingeuona peke yangu. Alitayamamu, akaswali ameketi, kitambaa cha kofia yake mapajani. Alipotoa salamu aligeuka kuangalia tena, akingoja ule weupe upande kama unavyopanda nyumbani, ambapo kati ya adhana ya Alfajiri na jua ni saa moja na robo hivi tu. Haukupanda. Ukawa mstari wa rangi ya chungwa, ukabaki vilevile nusu saa, saa nzima, saa mbili. Tulikuwa tunaukimbia na wenyewe unatufuata. Mama aliutazama muda wote huo. Nimeona mapambazuko mengi maishani, lakini sijaona mtu aliyeyakodolea macho kama yeye siku ile, wala sikujua kwamba alfajiri inaweza kudumu saa tatu.

Tulitua saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi ya New York, saa nane na dakika ishirini mchana ya Mombasa. Mara ya ishirini na tano. Katika foleni ya uhamiaji, ambayo sikuipenda kwa ajili ya magoti yake, nilifungua daftari. Jua la New York lilitoka saa moja kasoro dakika nne tukiwa bado tumesimama. Tangu jua lizame Nairobi mpaka hapo ni saa ishirini na zaidi ya nusu. Mama alikuwa ameishi usiku mmoja wa saa ishirini, akiwa macho sehemu kubwa ya huo usiku.

Afisa aliuliza amekuja kufanya nini. Nikatafsiri. "Mwambie nimekuja kumkanda mwanangu." Nikasema amekuja kumsaidia bintiye aliyejifungua. Halua tuliiandika kwenye karatasi ya vyakula, wakaitazama, wakaturudishia.

Nje kulikuwa na baridi ya nyuzi tatu. Shemeji alituchukua kwa njia ya Belt Parkway inayofuata maji karibu mpaka Bay Ridge. Kwa safari hiyo ya gari sina la kusema zaidi, nililala. Niliamka mlangoni na sauti ya mdogo wangu akilia, na mama anasema taratibu, "Nimekuja, mama. Nimekuja. Nipe mtoto."

Siku ya nne, Alhamisi. Uzi

Saa tisa ya usiku mama alikuwa jikoni, taa imewashwa, anakanda unga. Kwake ilikuwa saa tano asubuhi na watu wanataka kula. Hili msishangae nalo. Tofauti ya saa nane mwili haumezi kwa siku moja. Wastani wake ni kama saa moja kwa siku, na kwa mzee tusimharakishe.

Shida ilikuwa kwenye mswala. Shemeji alimwelekeza kona ya chumba, kaskazini mashariki. Mama akakataa. Alikuwa ameuliza jana jua limetoka wapi, akajipimia. Makka, alisema, iko chini kuliko hapa, sisi tumepanda kaskazini mno, mbona baridi hii? Basi kibla lazima kiwe mashariki na kusini. Na usisahau anatoka wapi. Mombasa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa longitudo, tofauti haifiki hata robo ya digrii, na kibla cha Mombasa ni kaskazini safi. Mtu aliyeswali miaka sitini akielekea kaskazini safi humgeuzi kwa programu ya simu.

Aliyetuokoa ni mjukuu wake mkubwa, wa darasa la tatu, aliyeleta tufe lake la dunia. Mama alitoa uzi wa kofia, ule mweupe mwembamba. Nikaushika ncha moja juu ya New York, yeye akaushika juu ya Makka, tukauvuta ukaze. Uzi ukikazwa juu ya mpira hutafuta wenyewe njia fupi, hauulizi ramani. Ukapanda. Ulitoka New York kuelekea kaskazini mashariki, ukapita Atlantiki juu kabisa, ukaingia kusini mwa Ufaransa, ukashuka Misri karibu na Kairo, ukafika. Mama aliuachia, akauvuta tena kwa nguvu zaidi, akijaribu kuuteremsha kwa kidole. Kila alipouteremsha ulilegea na kuhitaji urefu zaidi. Mara tatu alifanya hivyo.

"Kumbe," alisema, kisha akanyamaza.

Kwenye dira ni digrii 58 hivi kutoka kaskazini. Kona ile ile ya shemeji.

Kisha bila kuambiwa akauhamisha uzi, Nairobi hadi New York. Chad, Algeria, Morocco, Azores. Kidole chake kilifuata njia tuliyopita, akasimama kila mahali alipokumbuka. "Hapa uliniamsha. Hapa nilimeza dawa. Hapa niliswali." Kwenye ramani bapa ya skrini njia ile ilionekana imepinda na nilikuwa nimeshindwa kumweleza kwa nini rubani anazunguka. Hakuzunguka. Ramani ndiyo iliyopinda.

Siku ya tano na ya sita

Mama analala saa kumi na mbili jioni, anaamka saa nane usiku. Dawa tumeisogeza kwa saa mbili. Mtoto ameogeshwa kwa maji ya moto na kufungwa vizuri, mdogo wangu anakunywa uji wa pilipili manga na kulala usingizi ambao hakuupata kwa wiki mbili. Hayo ndiyo yaliyotuleta, nayo yanakwenda vyema, alhamdulillahi.

Jumamosi jua lilipotoka kidogo tulitembea naye mpaka ufukweni, pale penye mlangobahari chini ya daraja la Verrazzano. Meli ya makontena ilikuwa inaingia bandarini polepole, boti ndogo ya rubani ubavuni mwake. Alisimama mpaka ikapita yote. "Hapa ni Likoni yao," alisema.

Siku ya saba, Jumapili

Magharibi ya huku mwezi huu ni saa kumi na nusu jioni. Nilimkuta ameshatandika mswala kwenye kona yake, na sakafuni kuna nyuzi mbili zimebandikwa kwa gundi ya karatasi, zote zinaanzia chini ya mswala. Mjukuu ndiye aliyezibandika, walipima pamoja kwa tufe na kwa dira ya simu. Mmoja unaelekea kibla, digrii 58. Wa pili uko kuume kwake kidogo, digrii 77 au 78, karibu na mashariki kabisa, unapita chini ya kitanda cha mtoto.

Nikauliza wa pili ni wa nini.

"Mombasa," mtoto akajibu.

Mama aliswali. Alipomaliza alitoa salamu kuume, akatoa salamu kushoto, akavuta uradi. Kisha akainua mikono, akausogeza mwili wake mpaka magoti yakawa juu ya ule uzi wa pili. Huko nyumbani ilikuwa saa sita na nusu usiku.